Apio, Uliyesifiwa kwa Kutulia

Apio wangu,

Hapa Adungosi hakuna anayekutaja. Nyanya yako, mama ya baba yenu, alinikataza hata kulia. "Pacha hafi, ameruka tu. Ukimlilia, atamwita mwenzake." Basi mimi hulilia jikoni. Mtu akiingia, nasema ni moshi.

Ulikuwa na siku nne. Pacha wako Adongo alilia nyumba nzima ikasikia, wewe umetulia tu. Jirani aliyekuja kuwaona akacheka: "Huyu mkubwa ana adabu! Huyu mdogo atawahamisha hapa." Nikajivuna. Nikamnyonyesha Adongo kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyelia. Zamu yako ilipofika, ukashika titi, ukaliachia. Nikasema umeshiba. Umeshiba nini, mama, na hukuwa umenyonya tangu asubuhi?

Jioni mlikuwa moto wote wawili. Boda ikatukimbiza hospitali ya Amukura, nyinyi ndani ya leso moja. Baba yenu, utingo wa lori, alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani Malaba. "Nakuja, nakuja," alisema kwa simu. Viini vya ugonjwa vilikuwa vimeingia kwenye damu yenu. Mlipewa dawa ile ile, dripu zikaning'inia chuma kimoja. Siku ya tatu Adongo akanyonya. Wewe hukuamka.

Nilimuuliza daktari: tumbo moja, dawa moja, mbona mmoja? Akavuta kiti.

"Mama, hawa si pacha wa kufanana. Kila mmoja alirithi vyake kwako na kwa baba yake. Kuna mwili unaopigana na viini vizuri, kuna unaochelewa, na kuna unaopigana kwa nguvu mpaka unajiumiza. Wa Apio siwezi kujua ulikuwa upi."

"Na ningemleta asubuhi?"

"Mapema humsaidia mtoto yeyote."

Hilo nimelibeba. Sasa nikiona kichanga kimya sana namwambia mamake: mwamshe. Akikataa titi, usingoje.

Juzi nilimpeleka Adongo chanjo. Muuguzi akaomba damu kidogo, yangu na yake. Kuna watafiti wanaochunguza jeni, yale tunayorithishana mwilini, wajue kwa nini viini hivi huua mtoto huyu na kumwacha yule. Majibu huenda yasinifikie, alisema. Nyanya yako, aliyetusindikiza, akanivuta mkono. "Wewe, usikubali! Watakuta ni damu ya kwenu."

Hiyo ndiyo hofu yangu pia, Apio. Lakini nikasema nitatoa. Kama ni yangu, acha iwe yangu. Sikukuchagulia cha kurithi, na kuna mama mwingine anauliza nilichouliza.

Muuguzi akachukua fomu. "Umezaa watoto wangapi?"

"Mmoja," nyanya yako akajibu haraka.

"Wawili," nikasema. "Andika wawili. Wa kwanza ni Apio."

Akaandika. Tangu siku hiyo nyanya yako haniongeleshi, na baba yenu yuko barabarani tena. Lakini nimekutaja mbele ya watu, na Adongo yuko hapa, ananyonya.

Kaa vyema huko uliko, mwanangu.

Ni mimi,
mama yenu nyote wawili