Tuipartaje Nyumba

Muyinga,
18 Mei 2025

Mpendwa dada Dorotea,

Hamjambo huko Kasulu? Goti lako limepoa? Mimi kwa mwili ni mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Suti inanikaa, na sokoni bado wananiita Bwana Dunia. Moyo ndio mgonjwa.

Ulisikia nimeachana na Adventina. Tulipomaliza kujenga nyumba yetu ya Mutaho tulivutana kila siku, mimi nataka rangi yangu, yeye mlango wake. Unatujua, hakuna wa kuachia. Siku moja akasema, "Longino, mi nimechoka. Tuipartaje hii nyumba." Kifaransa changu cha mpakani, nikajua kupartaje ni kugawana, kila mtu na chake. "Mimi, nigawane matofali na mke wangu? Chukua yote!" Nikaacha ufunguo, nikaja huku kuuza mitumba, nikijiona mkarimu kuliko Warundi wote.

Juzi jirani yangu Rachid, mwalimu wa kemia, alikuwa barazani akijisomea somo kwa sauti. Oksijeni inavuta elektroni, florini inavuta zaidi, zikikutana zinapartaje.

Nikacheka. "Zimeachana mapema hivyo?"

"Kuachana wapi, mzee! Kupartaje ni kuwa na kitu pamoja. Ile jozi ya elektroni inakaa katikati, iko ya wote wawili. Florini inaivuta kwake kidogo, lakini haiing'oi. Ndiyo inawashika pamoja."

"Na mmoja akimwachia mwenzake kabisa?"

"Iyo kazi ya sodiamu. We florini na oksijeni usizingoje kuachia."

Dada! Kumbe mke wangu aliniomba tukae pamoja, nami nikajifanya sodiamu!

Nikampigia. "Adventina, kumbe ulitaka tuwe nayo wote?"

Akasema, "Nilikwambia tupartaje, we ukanipa nyumba nzima. Nilale na kuta?" Akakata. Tangu hapo hapokei, na nasikia mwisho wa mwezi anahamia kwa kaka yake Bujumbura.

Mimi ninayewachekesha hadi askari wa mpakani, sasa nalia mbele ya marobota ya mitumba. Tafadhali mpigie wewe; namba ya wifi yake hawezi kuiacha iite. Usimtetee ndugu yako. Mwambie tu sikutaka kumpa nyumba, nilitaka kukaa naye humo.

Nisalimie shemeji Venansi, na mpwa wangu Jeska mkorofi nimembusu shavu. Mungu awafunikie paa msiwe na upande unaovuja.

Wako akupendaye, hata akiwa hachekeshi,
Longino