Mukashema Hatoki Mezani

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimeongoza mchezo wa kutunga hadithi kwa saa tatu na sauti yangu haikutetemeka! Mimi, Émilienne, ambaye darasani nikiulizwa tarehe ya leo natoa jasho. Lakini kwenye meza ya mtandao mimi ndiye msimulizi. Nafungua ramani kwenye laptop ya kaka Eddy, naifunika yote kwa ukungu, halafu wachezaji wanaingia kwa simu zao. Dorothée, binti wa mama mkubwa, yuko kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Tanzania. Rafiki yangu Mukashema yuko Minembwe, milimani — anaingia siku mtandao wa kule juu unapokubali. Kila mmoja ana kiduara chake chenye picha. Akikisogeza, ukungu unafunguka mbele yake. Kete zinajirusha zenyewe kwenye skrini, hakuna wa kuiba.

Dorothée amemdanganya mlinzi wa daraja kwamba yeye ni mganga wa mfalme. Kete ikatoa moja, namba mbaya kuliko zote. Mlinzi akafungua kinywa, akamwomba amng'oe jino. Tulicheka mpaka Mama akauliza kama ninaumwa.

Na ramani yangu mpya! Ziwa, mito miwili, njia za kupanda milimani, vivuko vyote. Niliinakili kutoka karatasi kubwa ya Papa. Papa ni relais wa centre de santé, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba. Kabla ya kila chanjo anachora vijiji, njia na nyumba, ili mtoto yeyote asisahaulike. Mimi nilibadilisha majina tu. Mboko yetu imekuwa Bandari ya Chumvi.

Jumapili, 3 Machi

Baada ya ibada nilikuwa napanga majitu kwenye ramani — viduara vyekundu. Eddy akasimama nyuma yangu. Sikumsikia.

Akaweka kidole kwenye skrini. Hiki kivuko anakijua. Hii njia anaijua, inapita nyuma ya shamba la mihogo la shangazi. Akauliza hivyo vyekundu ni kina nani. Nikasema majitu. Akauliza majitu ya wapi.

Halafu akaona jina la Mukashema.

Anamjua vizuri sana. Tulikaa benchi moja mimi na yeye, tangu darasa la kwanza hadi mwaka ule wa vita, watu wa ziwa na watu wa juu walipogawanyika, wazazi wake wakapanda juu na ng'ombe waliobaki. Alikula ugali wa nyumba hii mara nyingi kuliko Eddy mwenyewe.

"Njia zetu zote," Eddy alisema, "unazionesha mutu wa juu?"

Nikasema ni mchezo. Akanijibu kwamba vita ikianza kila mutu anasemaka ni muchezo. Akatoka kwenda kwa wenzake wa pikipiki. Sasa ni saa kumi na mbili jioni na avenue yetu, mtaa mzima, inajua.

Jumanne, 5 Machi

Shuleni Guy, wa benchi la nyuma, ananiita jenerali. "Jenerali, leo tunashambulia wapi? Hesabu?" Darasa zima likacheka. Jibu zuri lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani, kama kawaida.

Papa hakugomba. Ingekuwa afadhali. Alitandaza karatasi yake kando ya laptop, akafuata mto kwa kidole, huku na huku. Nukta kwa nukta. Akasema kila nukta ni mlango ambao mama fulani alimwonesha kwa sababu ya chanjo ya mtoto wake. Si kwa sababu nyingine.

Hapo nikaona. Niliwaza majina tu! Niliyaficha majina, nikaiacha milango yote wazi. Mukashema hanitishi, njia hizo tulizipita pamoja tukienda shule. Lakini ile milango haikuwa yangu kuitoa.

Ramani nimeifuta. Kwenye laptop na kwenye meza pia. Nimeifuta kwa sababu nilikosea, si kwa sababu ya Eddy. Nataka hilo liandikwe mahali.

Kisha Papa akaongeza: chef Isidore, mkuu wa avenue yetu, atakuja Jumamosi kuona kitu hiki kwa macho yake. Kabla hajafika, huyo binti wa juu awe ameondolewa.

Nilinyamaza. Wakubwa hudhani kunyamaza kwangu ni ndiyo. Na kwa miaka kumi na tano kwa kweli kumekuwa ndiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimechora ramani nyingine. Yote ya uongo! Ziwa la mviringo kama sahani, milima ya buluu, hakuna mtu aliyewahi kukaa huko. Nimeichora wakati wa jiografia. Mungu anisamehe.

Nimemwandikia Mukashema yote. Amejibu baada ya saa mbili. Kumbe kwao pia! Kaka yake Gasore anamuuliza kila siku anaongea nini na watu wa ziwa. Kule mpelelezi ni mimi. Tulicheka kwa maandishi.

Kisha akaandika kwamba kama ni mzigo kwangu, nimtoe tu, wala nisimweleze. Akikuta mlango umefungwa ataelewa.

Kitufe kipo. Ondoa mchezaji. Hata hakiulizi mara mbili.

Nikamwandikia: Jumamosi saa tisa. Usichelewe.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tisa na dakika arobaini. Daftari liko magotini. Chef Isidore anadhani naandika mambo ya mchezo.

Ameketi kwenye kiti cha Papa, miwani puani. Eddy mlangoni. Papa karibu yangu. Nilieleza kila kitu, sauti ikitetemeka, lakini nilifika mwisho. Chef akauliza nani anashinda. Nikasema hakuna, tunatunga habari pamoja. Akauliza jitu linakula nini. Dorothée akajibu kwenye simu: mahakimu. Chef karibu acheke.

Ndipo kiduara cha Mukashema kikaingia.

Eddy akasema, si munaona. Chef akavua miwani.

"Mutoto, huyu umutoshe, aende zake. Ingine yote, endelea."

Papa akasema nimsikie chef.

"Hapana, Papa chef. Ramani nilifuta, nilikosea. Yeye hakukosea. Mukitaka nitafunga meza yote, na Dorothée atoke. Ila yeye peke yake, simutoshe."

Nilikuwa nimesahau kuzima maikrofoni. Mukashema alisikia yote, na sauti yake ikatoka, ndogo, kutoka kule juu:

"Jambo, Papa Émilienne. Jambo, wazee."

Chef akamtuma Eddy amwite chef wa quartier, mkubwa wake. Eddy ameondoka mbio. Papa bado hajaitikia salamu. Anaitazama laptop, mdomo umefunguka kidogo.

Kiduara cha Mukashema kimesogea hatua moja. Ukungu umefunguka, mlima wa buluu umetokea. Ni zamu yake. Anangoja nimwambie.

Nimemwambia arushe kete.