Mkanda wa Gari la Ipyana

Ipyana mjukuu wangu,

Ugali na maharage vimo kwenye hotipoti. Kuku wafungulie.

Asubuhi nilikalia kiti cha nyuma ulichong'oa garini, napukuchua mahindi, nikauona mkanda wako wa dereva kwenye lundo la vyuma ulivyong'oa! Nawe wanijibu, "Bibi, kila kilo inapunguza mbio."

Kitendawili: kanyofolewa nyama, kabaki mifupa, bado anaambiwa akimbie. Si gari lako hilo?

~~Funguo nimeenda nazo kanisani.~~ Funguo ziko chini ya Biblia. Mkanda urudishe kwanza. Na kiti cha abiria pia, kifunge nati zote. Kesho kwenye mashindano ya magari kule Mpemba nakaa hapo mimi, na kilo zangu zote.

Bibi yako