Dufu la Faris

Buyenzi, Bujumbura
9 Machi 1997

Mpendwa mjukuu wangu Faris,

Assalaam aleikum. Huko Kigoma u mzima? Mchumba wako Marwa na wazee wake, hawajambo? Mi mguu unauma, lakini mdomo ni mzima. Mwandiko huu ni wangu, nilisoma chuo cha Kurani tu, usicheke.

Barua yako ilifika. Ati harusini mtapiga kaseti, na wakwe walipokuuliza dufu ni kitu gani, ukashindwa kujibu. Aibu! Mutoto wa nyumba hii!

Haya, waambie. Dufu ni duara la mti, ngozi ya mbuzi upande mmoja, linapashwa kwa makaa, linapigwa kwa kiganja. Kwetu ukisema "dufu la fulani" umesema harusi yake. Anayechelewa kuoa tunamuuliza, "We, dufu lako limelowa?" Na wa kulipasha na kulijaribu ni baba wa bwana harusi, si mwingine.

Sasa kaa chini.

Jumanne, tulipomaliza kusoma barua yako, baba yako Suud alilitoa dufu kabatini. Tangu vita vianze halikuguswa. Akalipasha. Mi ndiye nilimwambia, "Lijaribu, tusikie kama bado linalia." Akapiga mara tatu tu, saa sita mchana.

Wenye bunduki wakaingia uani. "Nani anapiga ngoma? Mnaita nani?" Nikasema, "Apana, baba, si ngoma ya kuita watu. Ni dufu, la mutoto anayeoa." Hawakunisikiliza, wakanishika mkono. Suud akasema, "Muacheni mama. Nimepiga mimi." Wakamuua palepale.

Tulimzika alasiri ileile, watu saba. Wengine waliogopa kutoka.

Usije. Nasema usije! Kaburi halihami, na mi sina mwana mwingine wa kiume wa kuzika, wala sitaki kuzika mjukuu. Na usiniandikie kwamba si kosa langu. Ulimi ni wangu, naujua.

Akilimali, yule muuza samaki wa ndagala, anakuletea dufu. Ngozi ni nzima. Kaseti tupa. Lipashe mwenyewe, ulipige. Wakisema kulijaribu ni kazi ya baba, waambie baba yako alishalijaribu.

Dada yako Hiba anakusalimu, na shangazi yako Kaltum. Jirani Léocadie pia, ndiye alituchemshia maji ya kumwosha Suud.

Mungu aijaze nyumba yako watoto wenye kelele.

Wako akupendaye, hata akikugombeza,
Bibi yako, mama Suud