Madaftari Niliyoyachoma

Mtaa wa Noonkopir,
Kitengela.
Jumatano, 11 Machi 2026

Mpendwa Shangazi Nasike,

Mulembe, shangazi yangu. Hujambo huko Leeds na hiyo baridi yenu? Goti linaendeleaje, na je, bado wanakupanga zamu za usiku hapo hospitalini? Umri wa kukesha umekupita, nimekuambia mara ngapi. Sisi huku tu wazima. Mume wangu Makokha anakusalimu. Bado yuko kule kiwandani Athi River, na jioni anarudi mweupe kwa vumbi la simiti mpaka mtoto wa jirani anamkimbia. Mvua haijanyesha, maji tunanunua kwa mitungi, lakini Mungu yupo.

Najua umenikasirikia. Kila ukipiga simu na kuuliza wasichana wangu wanaendeleaje, nasema mtandao ni mbaya, nakata. Mtandao haukuwa mbaya, Shangazi. Niliona haya. Leo nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa kalamu huwezi kunikatiza, na Eunice wa kanisani kwetu anasafiri Jumapili kwenda kumwona bintiye huko, atakuletea.

Kwanza, waambie wenzako wasitume yale masanduku ya nguo. Ile nyumba yetu ya Kajiado, tulipokuwa tukiwahifadhi wasichana waliokimbia kutahiriwa na kuozwa, ilifungwa mwaka jana. Wafadhili wa ng'ambo walisimamisha msaada kwa barua pepe moja, Jumatatu asubuhi, wasichana wakiwa wanakunywa uji. Mpishi, mlinzi, mimi, sote tukaachishwa kazi. Gari nalo likachukuliwa.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Unakumbuka nilivyojigamba kwako kuhusu ule mfumo mpya wa kuwalinda watoto? Wafadhili walikuwa wametuletea tableti, na habari zote za kila mtoto tukawa tunaziingiza humo: umri wake, picha yake, aliyoyasema kwa kinywa chake, ndugu yupi ni salama na yupi si salama. Kabla ya hapo tulikuwa tukiandika kwenye madaftari makubwa ya jalada jeusi, na kweli yalikuwa na hatari yake, maana kuna baba aliyewahi kufungua moja pale ofisini akasoma mtoto wake amefichwa wapi. Kwa hiyo nilipoambiwa kwenye mafunzo kwamba karatasi inatoboa siri, nilishika dini kuliko padri. Nilizunguka vijijini nikiyakusanya mengine kutoka kwa wazee wanaojitolea waliokuwa wakituandikia huko. Mzee Lemein wa Mashuuru alinizungusha siku mbili kabla ya kutoa lake.

"Naliaka, kitabu haiishi chaji," aliniambia.

Nikamcheka. Nikayachoma yote nyuma ya jikoni kwa mikono yangu, pamoja na makaratasi yaliyokuwa yamebandikwa ndani.

Msaada uliposimama, tableti nazo zikafungwa. Nenosiri liko kwa ofisi ambayo haipo tena. Ukiziwasha unaona duara linazunguka tu. Ulikuwa ukituambia cha kuazima hakisitiri matako, nasi watoto tulikuwa tunalichekea tu lile neno la mwisho.

Tulipewa wiki mbili kuwapeleka wasichana kwa ndugu walio salama. Walikuwa thelathini na wanane, na orodha niliitoa kichwani. Mmoja wao ni Soipan, wakati huo wa miaka kumi na mitatu, mtoto wa maneno machache, aliyependa kufagia ua hata kama si zamu yake. Nilikumbuka vizuri kwamba nyanya yake ndiye aliyemficha. Nilichosahau ni nyanya yupi. Mzaa mama, anayekaa Ngong, ndiye aliyemficha. Mzaa baba, wa Mashuuru, ndiye aliyekuwa amemtafutia mume. Mimi niliandika Mashuuru.

Utauliza, mtoto mwenyewe hakusema? Alisema. Alinishika sketi akalia kwamba hataki kwenda huko. Lakini wote walikuwa wanalia, Shangazi, wote walisema hawataki kwenda, nami nilikuwa nimechoka, nikasikia kilio kimoja tu. Nilimbandua vidole nikamwambia atazoea.

Mzee Lemein alinipigia simu wiki mbili zilizopita, akaniambia Soipan nilimpeleka kwa nyanya asiye yeye. Hakunisuta hata kidogo, na afadhali angenisuta. Kesho yake nikaenda Mashuuru. Yule nyanya alinipokea vizuri sana, akanitilia chai ya maziwa, akaniuliza habari za watu wangu, kisha akamwita mtoto. Sijui kama ulipokuwa huku uliwahi kuona Wamaasai wanavyosalimiana. Mtoto hamshiki mtu mzima mkono. Anainamisha kichwa, nawe unamgusa utosini. Akishatahiriwa hainamishi kichwa tena, anatoa mkono kama mtu mzima. Soipan alinipa mkono. Kisha akaniuliza kama mpishi wetu alipata kazi nyingine.

Sikuweza kuimaliza ile chai.

Tangu siku hiyo nimeenda kwa chifu, nimeenda polisi, nimeenda kwa afisa wa watoto. Wananisikiliza kwa heshima, kisha kila mmoja ananiuliza faili ya mtoto iko wapi. Jamaa zake wanasema ana miaka kumi na minane. Cheti cha kuzaliwa hana. Daktari alikuwa amempima umri akatuandikia karatasi. Picha ya karatasi hiyo imo kwenye tableti, na karatasi yenyewe ilikuwa ndani ya lile daftari la Lemein. Afisa wa watoto yuko peke yake eneo lote hilo, na zamani hata yeye tulikuwa tukimbeba kwa gari la mradi. Nyanya wa Ngong alikwenda kumwomba mjukuu wake, wakamrudishia langoni. Kesho nitakwenda Kajiado tena, na sina neno jipya la kuwaambia. Makokha ananiambia si kosa langu. Ananipenda, ndiyo maana anadanganya.

Nisalimie Anko Ondiek, na watoto wako Amolo na Obonyo. Waambie tunawatazamia Desemba, kuku wao wapo. Mungu aliyekulinda miaka yote hiyo ugenini azidi kukufunika, na goti lako alitie mafuta.

Najua ukisha kusoma haya utawaambia akina mama wa kanisani kwako wamwombee Soipan. Basi wasiombe asiozwe. Harusi ni Jumamosi hii, na Eunice anapanda ndege Jumapili. Waombe tu huyo mwanamume awe mpole.

Ni mimi wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,

Naliaka