Clavier ya Papa Paluku

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Nimefungua bureau saa moja na nusu. Nimefuta vumbi, nimewasha imprimante ya kuchapia, nimepiga muhuri attestations, vyeti vya wanafunzi wanane. Saa nne préfet, mkuu wetu wa shule, akaita wote kwenye salle ya walimu. Tumuage katibu wetu Papa Paluku vizuri, kwa zawadi, akasema. Mtu ameandika barua za shule hii miaka thelathini na miwili, kisha anaondoka kimya kimya kama mgeni. Si heshima.

Muhindo, mwalimu wa jiografia, akatoa simu akaonyesha picha. Clavier, kibodi ya kompyuta, lakini imetengenezwa kama mashini za kuandika za zamani: touches, vile vitufe vya herufi, ni za duara, ukingo wa rangi ya shaba, tena bila kamba ya kuiunga na kompyuta. Kila touche ina springi yake. Ukibonyeza inalia.

"Ile njo ya Papa Paluku mwenyewe!" wakasema. Kweli inamfaa. Alitumia mashini yake ya chuma mpaka utepe wa wino ukakosekana Butembo nzima. Alipopewa kompyuta alilalamika kwamba touches zimekufa, hazijibu kidole.

Kisha préfet: "Masika atachagua. Yeye njo anajua mikono ya muzee."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Tangu mwezi wa tisa ninakalia kiti chake. Leo sikula mchana.

Jumanne, tarehe 7

Baada ya kazi nimezunguka maduka matano ya mjini. Moja lina clavier yenye taa za rangi zote, ya vijana wa michezo. Nyingine plastiki tupu. Moja nzuri kabisa, touches za duara, lakini herufi zimepangwa kwa Kiingereza. Papa Paluku haandiki kwa macho, anaandika kwa vidole. Vidole vyake vinajua A iko wapi, é iko wapi, ç iko wapi. Hivyo ndivyo alivyonifundisha na mimi, vidole vyote kumi, kitambaa juu ya mikono yangu ili nisichungulie.

"Mais atazoea," mwenye duka akasema.

Nikamjibu vibaya. Mtu wa miaka sitini na minne hazoei. Nilipaza sauti mpaka wateja wakageuka. Hakunikosea kitu yule mwanamume.

Wananiambia Beni kuna mfanyabiashara aliyepokea vitu vipya. Papa Paluku naye yuko Beni siku hizi, Mulekera, kwenye shamba la marehemu kaka yake. Nitakwenda Jumamosi. Ninaogopa.

Sijawahi kuchagua kitu kwa uangalifu hivi, hata viatu vyangu. Ninajua sababu. Sijaweza kuiandika.

Alhamisi, tarehe 9

Niiandike basi.

Mwezi wa kwanza tulikuwa tunatayarisha liste, orodha ya wanafunzi wa mwaka wa sita, wale wa examen d'État, mtihani wa taifa. Mimi ndiye niliyeiandika. Mstari mmoja ulikuwa umeingia mara mbili. Nikaufuta, na wa chini yake ukafutika pamoja nao. Ulikuwa wa Kahindo, binti wa Lubero, wa kwanza darasani kwa hesabu. Sikuona.

Papa Paluku alikuwa na desturi ya kusoma kila liste kwa sauti, rula chini ya kila jina. Siku ile macho yake yalikuwa yanatoa machozi. Akaniuliza: "Masika, ulisoma yote?" Nikasema nimesoma. Sikuwa nimesoma. Nilikuwa na haraka ya kwenda kujaribu gauni la ndoa ya dada yangu. Akaweka sahihi.

Siku ya mtihani Kahindo alitafuta jina lake mlangoni, halikuwapo. Wakamrudisha. Mwaka wake ukaenda hivyo.

Préfet alipomwita Papa Paluku, nilikuwa nimesimama karibu na kabati la bulletins za alama, hatua mbili kutoka kwake. Hakusema nani aliandika. Alisema tu: "Sahihi ni yangu." Hakuna aliyeniuliza. Nikanyamaza. Wiki iliyofuata akaambiwa macho yamechoka, aende kupumzika. Mwezi wa tisa nikapewa kiti.

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi ni mwoga na mwongo.

Jumamosi, tarehe 11. Beni

Nimefika kabla ya saa sita. Duka liko nyuma ya soko. Clavier mbili zilizobaki zilikuwa za Kifaransa. Ya kijani, nyepesi, sauti ya chini, nzuri kwa macho. Na nyeusi, nzito kama tofali, inalia sana. Nikafumba macho nikaandika jina lake kwenye kila moja. Kwenye ya kijani vidole viliteleza. Kwenye nyeusi kila touche ilikuwa na kishimo kidogo, kidole kinakaa chenyewe. Haihitaji kompyuta, inashika hata na simu. Ikichajiwa mara moja inakaa wiki nyingi, na kwa courant yetu, umeme wa kukatikakatika, hilo ni jambo kubwa.

Nikachukua nyeusi. Kwa nusu saa nzima nilikuwa na furaha. Kisha nikaona aibu.

Njiani kwenda Mulekera askari walisimamisha pikipiki yetu, wakafungua boksi. Mmoja akabonyeza touche, akabonyeza tena, akacheka, akaniambia kwa Kilingala nipite.

Papa Paluku amekonda. Mkewe, Mama Kavira, akaniwekea chai na mihogo. Nikasema clavier imetoka kwa wote wa shule. Akaiweka magotini. Akapitisha vidole juu yake polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, na midomo yake ikawa inataja herufi. Kisha akaondoa mikono kama mtu aliyeungua.

"Wasingya, aksanti," akasema. "Ambia benzako wasingya sana. Lakini mi siandikake tena."

Nikauliza kwa nini.

"Hii vidole iliweka sahihi, ikapotezea mutoto ya batu mwaka muzima. Siiamini tena."

Mama Kavira akamalizia. Mwezi wa nane mzee alikwenda Lubero peke yake, nyumbani kwa wazazi wa Kahindo. Akapiga magoti kwenye uwanja wao, akaomba msamaha. Tangu siku hiyo hata barua za parokia hataki kuandika. Wakimletea karatasi asome, anampa mtu mwingine.

Nilidhani nimemnyang'anya kazi tu.

Akaomba nirudishe clavier dukani. Nikasema tutaona. Nikamaliza chai yake yote. Sasa niko kwa tantine, shangazi yangu, mjini. Anauliza kama nina malaria.

Jumapili, tarehe 12

Nilikwenda misa ya kwanza, sikusikia hata neno moja. Nikarudi Mulekera kwa miguu.

Walikuwa wamekaa nje, Mama Kavira anachambua maharagwe. Nilikataa kiti. Nikasema yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema.

"Papa, ile liste ni mimi niliandika. Ni mimi nilifuta jina ya Kahindo. Uliniuliza kama nilisoma, nikakudanganya."

Akavua miwani.

"Ile siku préfet aliniita, ulikuwa pale?"

"Nilikuwa."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, Papa."

Mama Kavira akasimama, maharagwe yakamwagika. "Mutu alipiga magoti mbele ya batu juu yako! Na weye unamuletea zawadi?"

Mzee akamwinulia mkono anyamaze. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Kumbe si macho yangu ilikosa. Ilikuwa inaona," akasema. Hakuwa anasema nami. Akarudia: "Mais donc, ilikuwa inaona." Kisha: "Enda, Masika. Sikufukuzi. Lakini leo siwezi kukuangalia."

Clavier ilibaki mezani ndani. Hakusema niichukue, hakusema ataiweka.

Kabla ya kufika Butembo niliomba dereva asimame. Nikamalizia njia kwa miguu.

Jumatatu, tarehe 13

Nimemwambia préfet. Akafunga mlango. Swali lake la kwanza: nani mwingine anajua? Alitaka iishie pale pale. Shule imekwisha kupata aibu yake, akasema, mambo yamepita. Nikamwambia hayajapita, muzee hagusi karatasi. Akaniangalia kama ninamletea mzigo mwingine, na ni kweli.

Akaniambia niandike. Nimeandika kurasa mbili, nimeweka sahihi. Nisifike kazini mpaka comité, kamati ya shule, ikae.

Muhindo alipishana nami kwenye ukumbi. Hakunisalimia. Ni haki yake.

Jumamosi, tarehe 18. Lubero

Baridi. Ukungu mpaka saa tano. Nyumba ya kina Kahindo iko juu ya kilima, ina viazi kila mahali, hata chini ya vitanda.

Baba yake alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Basi ule muzee alikuja bure. Na mi nilimuacha chini kwa magoti muda murefu. Nilikuwa na kasirani." Akatoka nje. Nikamwona amesimama anaangalia bonde.

Kahindo anarudia mwaka wa sita kwenye shule ya misioni, huko huko Lubero. Wenzake wawili wameanza chuo kikuu. Aliendelea kuchagua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule. Aliniuliza swali moja tu.

"Juu ya nini haukusoma?"

Nikamwambia juu ya gauni. Nilitamani kuwa na sababu nyingine, ugonjwa, msiba, chochote. Sikuwa nayo.

Akasema, "Aah." Akachukua kiazi kingine.

Sikuomba msamaha kwa sauti ya kulia, nilikuwa nimejikataza. Niliomba mara moja. Hakuna aliyesema nimesamehewa. Mama yake alinisindikiza mpaka njiani, kwa adabu.

Jumapili, tarehe 26

Comité ilikaa juzi. Kazi nimeipoteza. Muhuri na funguo nimemkabidhi préfet mwenyewe. Alikuwa ametoka Beni, alimpelekea Papa Paluku barua ya shule ya kumwomba radhi, na kumwomba arudi. Mzee amekataa kurudi. Anasema amekwisha kupanda shamba.

Leo baada ya misa nimefua. Mama yangu haniulizi kitu siku hizi, ananipa kazi tu. Nikiwa uwanjani simu ikaita, namba ya Mama Kavira. Nilifikiri kuna kifo.

Alikuwa mzee mwenyewe. Hakusalimia. Akauliza kwa nini clavier inawaka taa ndogo nyekundu. Nikamwambia chaji inakwisha, atumie kamba ya simu, ile ile. Akauliza namna ya kuweka é kubwa mwanzoni mwa jina. Nikamweleza, polepole, mara mbili. Nikasikia touches zinalia, anajaribu.

"Sawa," akasema. "Njo ile tu." Akakata.

Sikumuuliza anaandika nini. Mvua ilikuwa inashuka kutoka upande wa vilima, nikaanza kuondoa nguo kwenye kamba.