Uso Wangu Unauza Magodoro

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo, maana kichwani nina neno la siri ambalo si langu, na kila nikifumba macho linanijia lenyewe, kama wimbo ambao hukuupenda lakini umeshaushika.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, ni mtu wa aibu, hata nikiitwa jina darasani sauti yangu huitikia kama ya mtu aliye chumba cha pili. Ninaishi kwa mjomba wangu, fundi wa vioo, na nyumba yetu imejaa vioo vinavyosubiri fremu, vimeegemezwa ukutani mpaka koridoni, kwa hiyo uso wangu naujua sana, kwa ubavu, kwa chini, hata ukiwa umekatika nusu kwenye kona ya kioo. Uso mmoja tu sikuwahi kuuona, wangu nikiwa nimelala. Siku tuliyomaliza mitihani nilirudi nikaanguka kwenye kochi na sare yangu, vioo vikirusha jua la alasiri darini likawa linacheza kama maji, nikapata usingizi mtamu ambao nadhani sitaupata tena. Mjomba akanipiga picha, akaituma kwenye grupu la familia, akaandika, "Msomi wetu kachoka." Mama zangu wadogo wakajibu kwa mioyo. Hakuwa na ubaya, mjomba ananipenda kama mboni ya jicho lake.

Shule ilipofunguliwa, msichana ninayekaa naye dawati moja akanionyesha simu yake chini ya meza. "We, huyu si wewe?" Ulikuwa ukurasa wa duka la magodoro la mtaani kwetu. Kochi la mjomba limefutwa, nimelazwa juu ya godoro jeupe ambalo sijawahi kuligusa, mdomo wazi kidogo, mawingu pembeni, na chini yangu wameandika, "Usingizi wa kweli hauigizwi." Mshauri, la ajabu ni kwamba kwanza niliiona picha nzuri, nikamwonea wivu yule msichana jinsi alivyopumzika. Halafu nikasoma maoni. "Huyu kalala au kafariki?" "Godoro bei gani, na binti anakuja nalo?" Huyo wa pili, kwenye picha yake mwenyewe ana mvi na amepakata mjukuu.

Sasa shuleni naitwa Godoro. Nikipita wanapiga miayo, "Aaah, Godoro, umeshatuletea usingizi!" Nami nacheka nao kwa sababu sijui nivae uso gani mwingine, lakini ndani najihisi nipo mahali pengi kwa wakati mmoja, nimelala kwenye simu za watu, mifukoni mwao, kwenye foleni za benki, jikoni kwa watu nisiowajua, wananitazama wapendavyo nami siwezi kuamka. Siku hizi nalala nimejifunika shuka usoni, hata joto likiwa kali.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, tunamwita Chaji kwa sababu hakuna soketi nyumbani ambayo hajaikalia na simu yake, ndiye anayelitengenezea lile duka matangazo. Nilipomlilia hakunitazama, akawa anafuta kioo ambacho kilikuwa kisafi tayari.

"Sikia, dada'angu," akasema. "Nakupa neno la siri la ukurasa. Ingia, futa, toka."

"Si ufute wewe?"

"Mimi bosi atanijua. Wewe nani atakujua?"

"Na sheria?"

"Sheria gani? Uso si wako? Mtu haibi kitu chake!"

Nikaitafuta hiyo sheria kwenye simu. Imeandikwa kwa Kiingereza, ile lugha ya darasani, nikawa nalihamisha kila neno kwenye lugha ya nyumbani taratibu, kama mtu anayepitisha kioo kwenye mlango mwembamba. Iko sheria ya kulinda taarifa za watu, inasema picha yangu ni taarifa yangu, nikafurahi. Iko na nyingine, ya makosa ya mtandao, inasema asiyeruhusiwa asiingie. Ya kwanza imenikumbatia, ya pili imenishika mkono nisibonyeze. Nikimwambia mjomba ataumia, kwa sababu aliipiga picha kwa mapenzi. Nisipomwambia, kidole changu kipo juu ya kitufe. Je, niingie?

Ni mimi, Aliyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Usiingie. Nimeanza na hilo ili hata ukiacha kusoma hapa uwe umeshajibiwa. Uso ni wako, ukurasa si wako. Ukikuta jirani kaanika gauni lako kwenye kamba yake, huvunji mlango wake, unapiga hodi, tena ukiwa na shahidi. Kuingia kwenye akaunti ya mtu kwa neno la siri la kupenyezewa ni kosa katika nchi nyingi, hata kama umeingia na machozi yako. Na ukishaingia, duka lililokukosea litasimama kusema limekosewa. Usiwape zawadi hiyo.

Sasa nikugombeze kidogo. Umenieleza kila kitu, mpaka mvi za yule babu asiye na haya, ila hukuniuliza picha ilitokaje kwenye grupu la familia ikafika dukani. Hukuuliza kwa sababu unajua. Chaji yumo kwenye grupu, na Chaji ndiye anayetengeneza matangazo. Sisemi ni mtu mbaya. Ni mwoga, anataka kosa lake lifutwe kwa kidole chako, na woga wa mwenzio usikubali ukuponze.

Leo hii piga picha ya skrini: tangazo, maoni, tarehe, jina la ukurasa. Yule mzee usimjibu, maneno yake yahifadhi tu, na siku akikutumia ujumbe wewe mwenyewe, nenda polisi na mjomba wako bila kungoja kesho. Kisha mwambie mjomba, Chaji akiwa hapo hapo. Ataumia, ndiyo, na aumie, hata mapenzi huomba ruhusa. Kisheria wewe bado ni mtoto, na picha ya mtoto haipambi biashara ya mtu bila idhini ya mlezi, kwa hiyo barua kwa duka aiandike yeye: waiondoe, wasiitumie tena, wajibu kwa maandishi. Wakikaidi, ulizeni ofisi ya serikali inayolinda taarifa binafsi, mpeleke malalamiko huko. Chaji naye akamwambie bosi wake alilolifanya, na neno la siri libadilishwe, likutoke kichwani.

Sitakudanganya kwamba picha itarudi yote. Sheria haina ufagio unaofika kila simu. Lakini itaondoka pale ilipowekwa kwa faida, na waliocheka wataona kuwa ina mwenyewe.

Mjomba anaweza kusema, kama tusemavyo wakubwa tukibanwa, "Lakini mbona ulitoka vizuri?" Usibishane naye. Mwambie, "Nilikuwa nimelala, mjomba. Aliyelala hajakubali."

Kisha mpe kalamu.